Ngozi ya Ndama Aliyekufa

Mbonigaba alikuwa amekwisha kumchuna ndama nusu, Mukundwa alipotokea kwenye mlango wa zizi na kumwambia aache.

Kisu kikabaki hewani. "Niache juu ya nini, Mama Umwali? Huyu ngombe amekosa mutoto, hatatoa maziwa. Na pale kuko ndama yatima, mwenye mama yake ilipigwa na radi. Tunamuvalisha hii ngozi, ngombe ananusa harufu ya mutoto wake, mambo imeisha. Njo vile bantu banafanyaka siku zote."

"Mu zizi yangu, hapana. Umupake yatima mafuta ya ngombe na chumvi, ngombe amurambe."

"Mafuta!" Mbonigaba alitema mate pembeni. "Mafuta ni kupaka asubuhi na kupaka magaribi, kila siku ya Mungu. Leo anamukubali, kesho amesahau, anamupiga teke. Ngozi ni mara moja tu."

"Nimesema hapana, Papa Mbonigaba."

Mzee alifuta kisu kwenye majani, akinung'unika kwa sauti ya kutosha kusikika. Alikuwa amechunga ng'ombe wa mjane huyu miaka mingi, na kituko hiki alikuwa hajakizoea. Watu wa Kingi, kijiji chao, nao walikuwa na maneno yao. Wengine walisema Mukundwa amezidiwa na ulokole, wengine walisema ni uchoyo, anataka ngozi akauze. Watu hawakosi la kusema. Ukweli wenyewe hakuna aliyeujua, maana wote waliokuwepo siku ile walikuwa wamekwisha kufa, isipokuwa yeye na mtoto ambaye hakuambiwa kitu.

Mtoto huyo ndiye aliyepiga simu mchana ule. Mukundwa alipanda kilima hadi kwenye mikaratusi, mahali pekee ambapo rezo, mtandao wa simu, haikuwa na mizaha, akaiweka simu sikioni kwa mikono miwili.

Umwali alikuwa Ubelgiji. Alikwenda kusomea uuguzi, akaolewa huko na kijana wa Masisi aitwaye Jado, akazaa msichana, Mamy. Tangu uzazi ule moyo wake ulipanuka na kulegea. Miguu ilivimba, akawa analala ameketi ili apate pumzi. Sasa alikuwa amelazwa, na madaktari walikuwa wamesema wazi kwamba bila moyo mwingine hatauona mwaka ukiisha.

"Mama, banasema moyo inaweza patikana siku yoyote," Umwali alisema. Kila maneno machache alipumzika. "Muntu akikufa hapa, kama alikubaliaka mbele, banatoa moyo yake. Banaiweka mu mashini, na damu ya moto inapita ndani. Inabaki inapiga, inangojea."

"Inapiga bila muntu?"

"Inapiga bila muntu, Mama."

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Mukundwa alijifunga kitenge vizuri, akageuka kuupa mgongo. Hakupenda kuutazama ukungu.

"Shida ni mwili. Mwili inajua kama hii moyo si yangu, inaipiga vita. Sasa kuko kitu banajaribu. Mbele ya kunitia ile moyo, ikingali mu mashini, banaiingizia jeni. Ni maagizo kidogo tu, ya kufundisha moyo itulize baaskari ya mwili. Ni majaribio, hakuna mwenye anaapa kama itaponesha. Na kuko njia mbili ya kuingiza ile jeni. Naweza ingia mu moja tu, ao nikatae zote." Umwali akacheka kidogo, na kicheko kikageuka kikohozi. "Unajua namna gani nilifahamu? Juu ya ngombe zetu."

"Ngombe?"

"Njia ya kwanza, banakamata virusi, banatoa ugonjwa yote, inabaki ganda. Mu ile ganda njo banatia jeni. Virusi inajuaka kuingia, moyo inaifungulia mulango, na ile jeni inaweza kaa miaka. Njo ngozi ya ndama, Mama! Yatima amevaa ngozi ya mwenye alikufa, na ngombe anamuachilia maziwa."

Mkono wa Mukundwa ulikuwa umeshika gamba la mkaratusi na kulibandua bila yeye kujua.

"Lakini ngozi ni mara moja. Mwili ikiisha kuijua, haiwezi kubali ya pili. Na kama damu yangu ilikutanaka na ile virusi zamani, inaweza ikafukuza hata ya kwanza, moyo ikavimba. Banaipima damu, banasema iko kati na kati. Njia ya pili ni mafuta. Matone kidogo-kidogo, haionekane na macho, jeni iko ndani. Mwili haina kisasi na mafuta, banaweza rudilia. Lakini inaingia kwa shida, na nguvu yake inaisha mbio. Njo mafuta na chumvi yako."

"Na dokta anasema nini?"

"Anasema kila moja iko na uzuri na ubaya yake, nichague miye. Niko naogopa ngozi, Mama. Lakini mafuta naona kama haitanitosha. Weye umeishi na ngombe. Niambie kweli. Siku ile banatoa ngozi, ngombe anaonaka kama alidanganywa. Anafukuza ndama?"

Umwali hakungoja jibu sana. Mgonjwa hana pumzi ya kungojea watu. Alisema kulikuwa na swali lingine, la madaktari. Je, upande wa mama yake kulikuwa na mwanamke aliyevimba miguu, akakosa pumzi, akafa angali kijana?

"Hapana," Mukundwa alijibu upesi. "Kwetu hakuna."

"Hata bibi?"

"Hata bibi. Alikufa muzee."

"Asante Yesu. Basi haikutoka mu damu, ni uzazi tu. Mamy ni muzima, hakuna lazima bamupime."

Simu ilipokatika Mukundwa aliketi kwenye majani yenye maji. Hakuwa amesema uongo. Kwao kweli hakukuwa na mwanamke wa namna hiyo.

Lakini alikuwa amemwona mwanamke wa namna hiyo kwa macho yake. Ilikuwa mwaka ule wa kukimbia vita, watu wa vilima vya Masisi walipojitupa katika misitu ya Walikale, kila mmoja na kichanga chake na sufuria yake. Mukundwa alikuwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, msichana aliyeitwa Umwali. Walifika Kibua mvua ikinyesha. Mwenye shamba mmoja aliwapa kibanda cha kuhifadhia maharagwe, na humo homa ikamchukua mtoto asubuhi moja, hata maziwa hayajakauka mdomoni.

Mukundwa hakulia. Alikaa na mtoto mikononi akakataa kumtoa, na walipomnyang'anya akakaa hivyohivyo na mikono mitupu. Hakula. Matiti yalijaa yakawa mawe. Mama mkwe wake, Nyiransabimana, mwanamke aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, alimtazama, akatikisa kichwa, akatoka nje.

Kule nje, chini ya paa la jirani, palikuwa na mwanamke mwingine wa barabarani. Hakuna aliyemjua. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vimekatwa kwa kisu, na alihema kama mtu aliyepanda mlima, ilhali ameketi. Alikuwa na kichanga kifuani. Mukundwa alikuwa amempita mara kadhaa akienda kuteka maji, na mara moja walitazamana, wanawake wawili wenye watoto wa umri mmoja. Mchana ule mwanamke yule aliacha kuhema.

Nyiransabimana alichukua kitambaa cha marehemu mjukuu wake, ambacho hakijafuliwa, chenye harufu ya maziwa na matapishi na jasho la homa. Akamfunga nacho yatima. Akaingia kibandani, akamlaza kwenye titi la mkwewe, akasema, "Umwali amerudi. Munyonyeshe." Na wote waliokuwemo, mume wa Mukundwa akiwa mmoja wao, wakaitikia kwamba kweli, amerudi, Mungu ashukuriwe.

Mukundwa alijua. Tangu mdomo ulipogusa titi alijua, maana huyu alinyonya kwa pupa, na yule wake alikuwa mvivu, wa kubembelezwa. Alijua, na maziwa yakatoka. Mtoto wake alizikwa nyuma ya migomba ya watu bila kilio, kwa sababu mtu hawezi kumlilia mtoto ambaye wote wanasema amerudi. Jina lake lilikuwa limevaliwa na mwingine, kitambaa chake vilevile.

Na alirudi, huyo aliyekufa. Hili Mukundwa hakumwambia mchungaji wa kanisa wala mume wake. Walipopata kurudi Kingi na kununua ng'ombe tena, alianza kumsikia wakati wa kukamua, pale maziwa ya kwanza yanapogonga kitako cha chansi, kile chombo cha mti cha kukamulia. Kilio chembamba, cha uvivu, kutoka ndani ya ukungu upande wa Walikale. Umwali alipokuwa mtoto wa kukimbiakimbia, Mukundwa alikuwa akiita jina moja na kuitikiwa mara mbili. Mmoja alikuja mbio na magoti yenye matope. Mwingine alikuja nyuma, polepole, asionekane, akasimama pale majani yanapoinama. Mukundwa alimwogopa, na alimwonea huruma, na hakuwahi kumkaribisha. Basi wachungaji wa ng'ombe walipovalisha ndama ngozi, yeye alikimbia. Alipokuwa na zizi lake mwenyewe, akapiga marufuku.

Tangu Umwali alazwe, kilio kilikuwa kimesogea. Sasa kilitoka kwenye ua. Mukundwa aliamini, na hakuna mahubiri yangemtoa katika imani hiyo, kwamba mwenye jina amekuja kudai chake. Mtoto huyo alikuwa anasubiri siku moyo wa mtu mfu utakapoingia kifuani kwa binti yake, apite mlango huohuo.

Akafikiria kusema. Akaona Umwali, amelala na mipira puani, akiambiwa hana mama. Nani anamwambia mgonjwa kitu kama hicho? Halafu akamwona Mamy, ambaye alimjua kwenye simu tu, mtoto wa mashavu, akikua, akiolewa, akizaa, na miguu yake ikianza kuvimba. Aliomba Mungu amwondolee moja kati ya hayo mawili. Mungu hakujibu, au alijibu kwa njia ya Mbonigaba, ambaye si mtu wa kutegemewa kwa habari za mbinguni.

Kwa maana siku zile mafuta yalikuwa yanashindwa. Bihogo, ng'ombe aliyefiwa, aliramba chumvi, akampa yatima maziwa ya kulowesha ulimi tu, na chumvi ilipokwisha akamsukuma kwa pembe. Ndama alikuwa anakonda hadi mbavu zinahesabika. Mbonigaba aliacha kunung'unika, na hiyo peke yake ilitosha kuwa dalili mbaya.

Asubuhi moja Mukundwa alishuka zizini na chansi mkononi, ukungu ukiwa mzito hata hakuona miguu yake. Akasimama. Ndama aliyekufa alikuwa amesimama mbele yake.

Baka jeupe lilikuwa pale pale begani. Manyoya yalikuwa yale yale mekundu. Chansi ilimponyoka. Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, kilio kilianza, na safari hii hakikuwa cha mbali wala cha uvivu.

Halafu ndama akageuka, na chini ya ngozi ile Mukundwa akaona miguu myeusi, na kamba zilizofungwa tumboni kwa haraka ya mtu anayeogopa kukutwa. Bihogo akaja kutoka kwenye ukungu.

Alinusa mgongo kwanza, penye ngozi. Alinusa sana. Halafu akaenda mbele, kwenye kichwa, ambako hakukuwa na ngozi ya mtu yeyote, masikio ya yatima mwenyewe, pua ya yatima mwenyewe. Akapumua pale puani. Akainua kichwa, akatazama chini kwenye mteremko ambako Mbonigaba alikuwa amemfukia yule aliyechunwa, akalia mara moja kwa sauti ya chini. Kisha akarudi, na akaanza kuramba. Hakuramba ngozi. Aliramba kile kichwa kitupu, macho na masikio, na ndama akapiga magoti chini ya kiwele, na maziwa yakashuka hadi yakamtoka pembeni mwa mdomo.

Mukundwa alitazama mpaka mwisho.

"Unihurumie, Mama Umwali." Mbonigaba alikuwa amejibanza kwenye ua, kofia mkononi. "Ile ngozi nilimaliza kuichuna, nikaificha. Mafuta ilikataa. Angekufa."

Mukundwa alimpita bila kumgombeza, akapanda kilima kwenda kwenye mikaratusi. Kilio kilimfuata njia yote. Alipofika juu, safari hii hakukipa mgongo.

Umwali alipokea kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Mukundwa hakumsalimu vizuri wala kumuuliza alivyolala. Alijua akianza na salamu ataishia kwenye salamu.

"Mutoto wangu, uniache niseme, usinikate. Bambie badokta bamupime Mamy. Leo. Ule mama mwenye kuvimba miguu, mwenye kukosa pumzi, alikuwaka. Nilimuona ku Kibua, mu ile mwaka ya kukimbia. Alikuwa na mutoto mukononi. Ule mutoto ni weye."

Upande wa pili palikuwa na mashine inayopiga kengele ndogo, taratibu. Mukundwa aliisikiliza, akaendelea. Alisema yote. Kibanda cha maharagwe, homa, mama mkwe, kitambaa. Sauti yake ilikuwa kavu hata yeye mwenyewe alishangaa.

"Balinifunga mu kitambaa ya mutoto yako," Umwali alisema mwishoni. "Ili unikubali."

"Ndiyo."

"Na weye ukadanganyika."

"Hapana. Njo hiyo nataka kukuambia. Uliniuliza juu ya ngombe, nikakosa cha kujibu. Ngombe anajuaka. Anajua siku ya kwanza, mbele hata bamutolee ile ngozi. Anajua kama wake alikufa na kama huyu ni wa mwengine, iko na njaa. Miye nilikujua tangu mudomo yako ilinigusa. Nilikunyonyesha nikiwa najua."

Kengele ndogo iliendelea kupiga.

"Ule mama alikuwa anaitwa nani?"

"Sijue, mutoto wangu. Hakuna mwenye alijua. Hata fasi alitokaka, ni kilima gani, hatukujua."

"Na ule mutoto mwenye alikufa?"

Mukundwa alishikilia mti. Hakuwa amelitaja jina hilo kwa maana hiyo hata mara moja, tangu Kibua.

"Umwali," alisema.

Sauti ya upande wa pili ikasema, "Nimechoka," na haikuongeza neno "Mama", na ikakata.

Siku zilizofuata Mukundwa hakupigiwa. Alipopiga yeye, simu iliita mpaka ikakata tamaa. Jado alituma ujumbe mfupi kwamba moyo umepatikana, wanamwingiza chumba cha upasuaji; halafu mwingine kwamba ametoka, amelala, waombe. Mukundwa aliomba. Alikamua, akapeleka maziwa, akaitikia salamu za watu, na kila alichokifanya alikifanya nusu. Kilio zizini kilikuwa kimenyamaza, na hilo lilimtisha kuliko kilio chenyewe. Aliogopa kwamba mwenye jina amepata alichokifuata.

Mbonigaba alitoa ngozi siku moja mchana, ikiwa imeanza kunuka. Mukundwa hakwenda kutazama. Mzee alikuja mwenyewe kumwambia kwamba Bihogo hata hakugeuza kichwa, analisha na ndama yuko chini yake. Mukundwa alisema asante, akaingia ndani, akajifungia.

Simu iliita akiwa anachambua maharagwe. Alitoka mbio hadi kwenye mikaratusi huku akiomba isikate, na ilikuwa imekata, na ikaita tena.

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyefunguliwa kifua na kufungwa tena. "Balimupima Mamy. Na yeye iko nayo, ile kosa mu damu. Moyo yake ingali nguvu. Dokta anasema tuliijua mapema, batamufuata, kuko dawa. Anasema kama tungekawia..." Hakumaliza.

"Na weye?"

"Inapiga. Naisikia mpaka mu masikio, inapiga sawa muntu anagonga mulango. Nilichagua ngozi. Bado habajue kama itashika." Akapumzika. Pumzi yake sasa ilikuwa ndefu. Mukundwa aliisikia ikiingia mpaka ndani. "Nilikukasirikia. Ningali na kasirani, nisikudanganye. Lakini kuko kitu nataka kukuomba. Usiniite tena Umwali."

Mukundwa alifumba macho. Hiki ndicho alichokiogopa tangu Kibua, na kilipofika hakikuwa na kelele.

"Sasa nikuite nani?"

"Sijue. Ile jina ni yake. Alikufa na homa, halafu mukamunyanganya hata jina, mukaniletea miye. Umurudishie." Sauti ilikatika, ikarudi. "Miye uniite mutoto wako tu. Hiyo haukuikamata ku muntu. Hiyo ulinipa weye, ukiwa unajua."

"Mutoto wangu," Mukundwa alisema.

"Karibu, Mama," sauti ikaitika.

Hawakuzikata simu zao, mmoja akisikiliza kifuani na mwingine kwenye kengele ya mashine ule moyo wa marehemu wasiyemjua, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia mgonjwa alale. Mukundwa alikitandaza kitenge chake juu ya majani, akaugeukia upande wa Walikale, akaita kwa sauti ya kusikika bondeni, "Umwali!" Hakuna aliyeitika. Ndipo akaketi chini, mama mtu mzima, akaanza kumlilia mtoto wake wa kwanza, na wanawake waliokuwa wakilima maharagwe ng'ambo waliweka majembe yao wakapanda kilima kuja kuuliza ni nani amekufa.